Mama Pasi na Kuku Wake Karani

Mama Pasi hakutemea pasi mate ili ajue kama imeshika moto. Aliinyanyua tu, akaisogeza karibu na shavu lake la kushoto kama mtu anayenusa ua, akanyamaza kidogo, kisha akatoa hukumu. "Bado. Huu ni moto wa hariri." Au: "Sasa umefika wa pamba." Na mkaa ukiwa umekolea kupita kiasi alisema, "Huu ni wa kuunguza nguo za watu halafu uhamie mji mwingine."

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amefua na kunyoosha nguo za walimu, za maharusi, za waliotaka kazi na za waliofukuzwa kazi, na mashuka yote ya nyumba ya wageni iliyokuwa mwisho wa mtaa. Shavu lile halikumdanganya hata siku moja. Lilikuwa limekolea weusi kuliko mwenzake, na wateja walimtania kwamba ni kipimo cha serikali, siku moja watakuja kulikagua.

Mke wa mwanawe alikuja kukaa naye mtoto akiwa na miezi miwili, kwa kuwa mume alikuwa dereva wa lori na safari zake zilikuwa za majuma matatu matatu. Alikuja na hofu. Wenzake walishamwambia kwamba kukaa na mama mkwe ni sawa na kupanga chumba kimoja na hakimu. Alichokikuta ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno makali na mikono mipole, na ilimchukua muda kujua aamini kipi, mdomo au mikono.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyopangana mbele ya ua mmoja. Viwili vilikuwa vya Mama Pasi. Cha tatu alikaa jirani aliyeitwa Mama Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Ua ulifungwa kwa lango la bati lenye kitanzi cha waya, na barazani, chini ya paa, ndipo ilipokaa meza ya kupigia pasi. Chini ya meza hiyo alikaa Karani.

Karani alikuwa kuku jike, mwekundu, mwenye shingo ndefu. Alipiga hatua mbili, akasimama, akaangalia huku na huku, akapiga nyingine mbili, kana kwamba anahesabu nani kafika kazini na nani kachelewa. Mama Pasi alimwokota kando ya mtaro baada ya mvua kubwa, akiwa kifaranga kilicholowa hata hakilii, akamlea ndani ya mfuko wa aproni. Huo ulikuwa mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Tangu hapo kazi ilifanywa na wawili: mmoja ananyoosha, mwingine anasikiliza.

"Shati la mwalimu hili, Karani. Tazama ukosi ulivyoliwa na jasho. Huyu anafundisha au anabeba mawe?"

Karani alijibu kwa sauti ile ya chini ya kuku aliyeshiba.

Mkamwana, ambaye hakuwa msemaji lakini macho yake hayakulala, aligundua jambo moja mapema. Mama Pasi hakumzungumzia marehemu mumewe kwa mtu yeyote. Wageni wakimtaja, alibadilisha maneno. Lakini akiwa peke yake na pasi, kichwa kimeinama, alisikika akisema, "Mzee wako angecheka leo, Karani." Kwa hiyo mkamwana alimheshimu yule kuku kama anavyoheshimiwa mtu anayetunza siri za nyumba.

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Asubuhi ile, Mama Pasi akiwa ameshajitwika mashuka ya nyumba ya wageni na kwenda zake, kijana muuza mkaa, aliyeitwa Masizi kwa rangi aliyorudi nayo nyumbani kila jioni, alileta gunia, akalishusha barazani, akaondoka. Mkamwana alibaki na mtoto mgongoni. Alitoka nje kumwaga maji machafu, akarudi na beseni mikononi, akalisukuma lango kwa kisigino. Lango likagonga nguzo, likarudi wazi. Akajiambia, nitatua beseni nirudi kulifunga. Hakurudi. Mtoto alianza kulia, uji ulikuwa jikoni, na lango likamtoka akilini.

Kabla ya kuona kitu chochote, akiwa bado uani, alisikia mlio. Cheng, cheng, cheng, chuma juu ya saruji. Alipogeuka, mbwa wa ghala la mbao, lile jibwa la rangi ya kahawia linalofungwa mchana na kufunguliwa jioni, lilikuwa limeshaingia uani likiburuta kipande cha mnyororo uliokatika.

Alikimbilia ndani. Akafunga mlango, akasukuma komeo, akauegemea kwa mgongo, kisha akakumbuka kwamba mgongoni kuna mtoto, akageuka akauegemea kwa kifua. Hapo akamsikia Karani. Kuku alikuwa amekimbilia palepale walipokimbilia watu. Alikwaruza mlango kwa chini, akagonga mbao kwa mdomo, akakwaruza tena. Mkamwana aliweka mkono juu ya komeo. Mkono ukakaa hapo. Haukuvuta.

Kilichofuata kilikuwa kelele za kuku, kisha hakuna kelele, kisha mluzi wa mlinzi wa ghala huko barabarani, na mlio ule wa mnyororo ukienda, cheng, cheng, ukipotea.

Mama Pasi aliporudi alimkuta mkamwana amepiga magoti kando ya mguu wa meza, na mbele yake kuku amelala ubavu, macho nusu wazi, mbawa zimelegea, mdomo unatweta. Manyoya yalikuwa yametapakaa ua mzima.

"Kumetokea nini hapa?"

"Mbwa wa ghalani, mama. Nimemkuta hivi. Nilikuwa ndani namwogesha mtoto."

Maneno yalitoka yenyewe, yakiwa yameshapangwa, na yalipokwisha kutoka hayakurudishika.

"Na lango?"

"Sijui, mama."

Mama Pasi aliliangalia lango lililokuwa wazi, akaangalia mstari mweusi wa vumbi la mkaa kutoka langoni hadi barazani. "Masizi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeandika jina. Kisha akakunja mikono ya gauni na hakulisema tena siku ile, kwa maana palikuwa na kazi.

Mama Redio alifika kabla ya kuitwa. Alimtazama kuku, akabetua mdomo. "Mwenzangu, huyo mpe kisu sasa hivi. Akikufia ni kibudu, hata paka utaona haya kumpa."

"Kisu kipo jikoni," alijibu Mama Pasi bila kugeuka. "Hakijawahi kupotea. Nikikihitaji nitakifuata."

Mkamwana, mwenye haraka ya kufaa kwa jambo lolote, alileta maji kwa kijiko akataka kuufungua mdomo wa kuku. Mama Pasi alimshika kiganja. "Weka chini. Aliyezimia hanyweshwi, maji yataingia kifuani. Kwanza joto. Nipe blanketi la mezani."

Aliipitisha pasi juu ya lile blanketi kuukuu la kunyooshea, mara moja, akaliweka shavuni. "Wa pamba. Huu utampika." Akalipunga hewani, akaliweka tena shavuni, akasubiri. "Sasa ni wa hariri." Akamviringisha Karani, akamwacha kichwa nje, akamlaza ndani ya tenga, akalisogeza chini ya meza penye giza na kulifunika kwa kitambaa cheusi.

"Sasa tunyamaze," alisema. "Hasa wewe, jirani."

"Nimesema nini mimi?"

"Bado. Ndiyo maana nawahi."

Saa nzima ilipita. Mama Pasi alikaa chini sakafuni, mkono mmoja ndani ya tenga, bila kupapasa, umewekwa tu. Blanketi likipoa alilirudia kwa pasi, likapita shavuni, likarudi kwa kuku. Mkamwana hakuwahi kumwona akikaa saa nzima bila kufanya kazi, hata siku ya homa.

Kuku alipoacha kutweta, ndipo alipomkagua. Alimgeuza polepole, akapuliza manyoya yaachane, akasoma kwa sauti ya chini: mashimo manne ya meno chini ya bawa la kulia, ngozi ya mgongo imechanika upana wa vidole viwili, mkia wote umeondoka na mbwa. Alikata manyoya yaliyozunguka kidonda kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akasafisha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi yakapozwa, akatandaza juu ya tenga kipande cha chandarua ili nzi wasipate pa kutua.

"Kidonda hiki hakiui," alisema. "Mimi nimeungua vibaya kuliko hivi. Kinachotaka kumuua huyu ni woga. Ameshaondoka, umebaki mwili. Kazi yetu ni kumwita arudi, na mtu hawi tayari kurudi mahali penye makelele."

Kisha alichovya kidole kwenye maji yenye sukari kidogo, akakigusisha pembeni mwa mdomo wa kuku. Tone likaingia. La pili. Kwenye la tatu ulimi mdogo ukacheza.

Mkamwana alikwenda jikoni akalia huko, akasema ni moshi.

Kesho yake, Karani akiwa bado hai, Mama Pasi alikwenda kibandani kwa Masizi. Mkamwana alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Ilikuwa saa ya watu kununua mkaa, na kila mtu na debe lake alisikia.

"Mlango wa watu hauachwi wazi kama mdomo wa mlevi," Mama Pasi alisema. "Kuku wangu yuko mahututi kwa uzembe wako."

"Mama, niliufunga. Nilizungusha waya mara mbili."

"Basi waya uliamka ukajifungua."

Watu walicheka. Masizi hakucheka. Alitazama watu, akamtazama mkamwana kana kwamba anamwomba aseme kitu, maana walipishana langoni asubuhi ile na mkamwana alimwona akilifunga. Mkamwana aliinamisha kichwa akamrekebisha mtoto mbeleko, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama Pasi alitangaza kwamba hatanunua tena pale hata kipande, wakaondoka. Habari ilifika mtaani kabla yao, kwa kuwa Mama Redio alikuwepo.

Mkaa mpya ulitoka mbali na ulikuwa mbichi. Ulitoa moshi, ulirusha cheche, na Mama Pasi alilazimika kuupepea mpaka mkono ukafa ganzi. Kila ulipolia paa, mkamwana aliusikia kama unamtaja.

Kuku, kwa upande wake, aliwachanganya. Siku ya tatu alisimama. Siku ya nne, asubuhi na mapema, alikula pumba iliyoloweshwa kutoka kiganjani mwa Mama Pasi, akanywa, akanyoosha shingo akatazama huku na huku kikarani kabisa. Mama Pasi alimwambia, "Karibu tena kazini." Lakini saa mbili baadaye, kazi ilipoanza, alizama. Alivuta kichwa ndani ya mabega, akafumba macho, miguu ikakunjika, akajichafua. Alikaa hivyo mpaka jioni. Siku ya tano vivyo hivyo. Siku ya sita vivyo hivyo. Alichokijenga asubuhi kilibomoka mchana, na alizidi kukonda.

"Pengine ni joto la pasi," alisema Mama Pasi, akaisogeza meza. Haikusaidia. "Pengine ni watu wengi." Akatundika shuka kama pazia, akawapokea wateja langoni. Haikusaidia.

Kazi ya mkamwana ilikuwa kukunja, na alikunja akiwa ameketi kwenye kigoda. Kwa hiyo katika nyumba ile ni yeye tu aliyekaa usawa wa macho ya kuku. Siku ya sita aliacha kutazama nguo, akamtazama Karani. Mama Pasi alinyunyiza maji, kuku hakutikisika. Mama Redio alipita akisimulia harusi ya watu, kuku hakutikisika. Mama Pasi aliinyanyua pasi. Ile pasi ilikuwa ya zamani, ya mkaa, yenye kikomeo cha mbele kilichochongwa mfano wa kichwa cha jogoo, na kikomeo kilishalegea. Kila ilipoinuliwa na kutuliwa kililia. Cheng.

Kichwa cha Karani kikazama mabegani.

Mkamwana alisubiri. Cheng. Macho yakafumba. Cheng. Miguu ikaachia.

Mlio ule Karani alikuwa ameusikia maisha yake yote na kulala chini yake. Sasa ulikuwa na maana nyingine, na duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua ni ipi, kwa sababu naye aliusikia kabla ya kumwona mbwa. Mtu aliyekuwa ndani anamwogesha mtoto hangeweza kuujua.

Mkamwana alijaribu njia ya mkato. Mama Pasi alipokwenda kuanua nguo, alikifunga kikomeo kwa kitambaa na uzi. Dakika kumi baadaye barazani kulinuka kuungua.

"Nani kaifunga pasi yangu bendeji?"

"Mimi, mama. Inalia. Nilidhani inamshtua mtoto."

Mama Pasi alimtazama mjukuu wake, aliyelala mkekani mdomo wazi. "Huyu? Huyu analala hata Mama Redio akiimba." Akaukata uzi kwa mkasi, akaendelea.

Siku ya nane alimtoa Karani kwenye tenga akampapasa kifuani. Mfupa wa kidari ulikuwa umesimama kama ukingo wa kisu. Alimrudisha, akanawa mikono, akasema bila kumtazama mtu, "Kesho asipokula mchana kutwa, nitampumzisha. Sitamla. Nitamzika. Lakini sitamwacha afe kidogo kidogo kwa sababu mimi sitaki kuachana naye."

Kisha alichukua foronya akainyoosha. Alipoimaliza akaigeuza, akainyoosha tena. Ilipokuwa haina hata mkunjo mmoja, akainyoosha mara ya tatu. Mkamwana alikaa na ile foronya akilini mpaka kulipokucha.

Asubuhi Mama Pasi alipochukua pasi kutia mkaa, mkamwana alisimama mbele ya meza.

"Mama, usiiwashe. Karani haogopi joto wala watu. Anaogopa kikomeo. Kinalia kama mnyororo wa yule mbwa."

"Mnyororo gani?"

"Alikuja akiburuta mnyororo."

Mama Pasi aliitazama pasi. Aliunyoosha mkono mmoja, akakigusa kikomeo kwa ncha ya kidole. Cheng. Akainama kutazama ndani ya tenga, akabaki ameinama. Alipoinuka hakujaribu tena. "Nimeona," alisema. Aliiweka pasi chini taratibu, kama kitu kilicholala. "Wewe umeujuaje mnyororo?"

"Nilikuwa hapa uani."

"Hukuwa unamwogesha mtoto."

"Hapana, mama. Nilitoka kumwaga maji, nikaliacha lango. Mbwa alipoingia nilikimbilia ndani nikafunga mlango." Angeweza kuishia hapo, na alijua. "Karani alinifuata. Alikwaruza mlango. Alikwaruza muda. Sikufungua."

Mama Pasi aliinama akautazama mlango kwa chini.

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Basi hapo sina neno. Hata mimi nisingefungua." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Neno langu ni la Masizi. Siku nane, mwanangu. Siku nane unanitazama nikimchafua mtoto wa watu, na unanikunjia mashuka."

"Lete waya," Mama Pasi alisema.

Kikomeo cha pasi ya mkaa hakiondolewi, kwa kuwa mfuniko ukifunguka kazini, makaa yanamwagika juu ya nguo na miguu. Kwa hiyo alikikaza kwa waya, mizunguko minne, kisilie. Maana yake ni kwamba kila alipotaka kuongeza mkaa, ilibidi afungue waya wa moto kwa vidole na kuufunga tena, mara sita au saba kwa siku. Mkamwana alitaka afanye yeye. "Wewe vidole vyako bado vinasikia," alijibiwa. "Vyangu vilishastaafu." Havikuwa vimestaafu. Mkamwana alimwona akivipuliza alipodhani haonekani.

Mchana ule kazi ilikwenda bila mlio. Saa nane Karani alifumbua jicho moja. Saa tisa alisimama. Saa tisa na nusu alitoa shingo nje ya tenga, akadonoa pumba mara moja, akasikiliza, akadonoa tena.

Mama Pasi alimwona. Aliitua pasi, akavua aproni. "Mbebe mtoto twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa Masizi."

"Sasa hivi? Saa hizi pana watu wengi."

"Ndiyo maana. Nilimsema mbele ya watu. Sitamwomba radhi kichochoroni."

Njiani mkamwana alisema atazungumza yeye, kwa kuwa kosa ni lake. Mama Pasi alikuwa anatembea haraka, kama kawaida yake. "Wewe utasema lako, mimi langu. Lango ni lako. Mdomo ni wangu."

Kibandani palikuwa na watu saba au wanane. Masizi alipowaona aliacha debe likiwa nusu. "Mama Pasi. Umekuja kunipiga pasi upande wa pili?"

Watu walicheka, na safari hii Mama Pasi aliwaacha wamalize. Kisha alisema, kwa sauti ileile aliyotumia siku ile, wala haikupungua hata kidogo, "Nilikuja hapa nikasema umeacha lango wazi. Hukuliacha. Ulisema uliufunga waya mara mbili, na ulikuwa unasema kweli. Nilikudhalilisha bila kuuliza vizuri, na mimi ni mtu mzima, najua kuuliza. Nisamehe, baba."

Mtu wa umri wake kumwita kijana yule baba mbele ya watu kulifanya hata wateja waangalie chini.

"Ni mimi niliyeliacha," mkamwana alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mimi. Na ulinitazama siku ile niseme, nikanyamaza."

Masizi alifuta mikono kwenye suruali, ambako haikuwezekana kusafika. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na watu walisubiri mzaha. Haukuja. "Mama yangu aliulizwa kisimani kama mwanawe ndiye anayeua kuku za watu," alisema. "Hilo ndilo liliniuma. Mengine nimezoea."

"Nitakwenda kwake," alisema Mama Pasi. "Kesho. Nyumba ipi?"

Alimwelekeza. Kisha akalijaza debe la mteja, akalisawazisha kwa kiganja, na bila kuinua kichwa akauliza, "Kuku mwenyewe amekufa?"

"Amekula leo."

"Na mkaa mnatumia wa nani?"

"Wa mtu asiyejua kukausha mkaa."

Hapo ndipo Masizi alipocheka kidogo. Aliwabebea gunia yeye mwenyewe. Walipofika, alilitua nje ya lango, barabarani, akarudi nyuma hatua tatu na kuinua mikono juu. "Liingizeni wenyewe. Lango lenu mimi siligusi tena, nisije nikasikia waya umeamka."

Mama Pasi alicheka mpaka akashika nguzo. Mkamwana hakuwa amewahi kumwona akicheka vile. Kesho yake alikwenda kwa mama yake Masizi kama alivyosema, akakaa huko saa mbili nzima, na kilichozungumzwa hakukileta nyumbani.

Karani alichukua wiki tano. Kidonda kilifunga mapema, manyoya ya mkia yakaanza kuchomoza kama sindano, lakini woga ulikuwa na ratiba yake, na Mama Pasi hakuuharakisha. Kila asubuhi, pasi ikiwa baridi, aliulegeza waya, akapeleka pasi mwisho kabisa wa ua, akakigusa kikomeo mara moja, kisha akarudi na punje za mahindi kiganjani. Mara moja tu kwa siku. Kesho yake alisogea hatua moja. Kuku akishtuka, alirudi nyuma hatua mbili, bila kununa. "Nguo iliyokauka na mikunjo huipigi pasi kwa hasira," alimweleza mkamwana. "Unailowesha, unaiacha, unarudi." Wiki ya tatu alimpa mkamwana kazi ile. Hakusema kwa nini. Alimwachia punje za mahindi mezani tu.

Siku moja ya wiki ya tano, katikati ya kazi, pasi ilihitaji mkaa. Mama Pasi aliufungua waya, akatia makaa, akafunga mfuniko, na waya akauacha mezani. Mkamwana aliyekuwa kwenye kigoda aliacha kukunja. Pasi iliinuka, ikatua juu ya shuka. Cheng.

Karani, aliyekuwa nje ya meza akichakura penye jua, alisimama mguu mmoja juu. Shingo ikanyooka. Mama Pasi hakusimama, aliendelea kunyoosha polepole, upindo kwa upindo. Cheng. Kuku aligeuza kichwa upande, akaitazama pasi kwa jicho moja, kwa muda ambao mkamwana hakupumua. Kisha mguu ukashuka. Akachakura mara mbili, akatazama alichokichakura, akadonoa.

"Amesikia?" Mama Pasi aliuliza, macho yakiwa kwenye shuka.

"Amesikia, mama."

"Yuko wapi?"

"Palepale."

Mama Pasi aliisogeza pasi shavuni, akanyamaza kidogo. "Shika ncha hiyo tulinyooshe hili," alisema. "Limebaki moja."